Maoni Yetu: Azimio la Januari lipewe mahali na saa

Kila Januari watu wa wilaya ya Kasese huahidi mengi: nitaacha waragi, nitapunguza sukari, nitaanza mazoezi. Wanaoahidi hawatanii. Ila Januari ya kwetu ina mambo yake. Pesa ya kahawa imeliwa Krismasi, shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Februari, na karo haimngoji mtu. Mzazi anayezunguka Bwera akitafuta wa kumkopesha hawezi kukumbuka maazimio saba aliyoyaweka usiku wa mwaka mpya. Ndiyo maana tunashauri mapema: chagua tabia moja tu, kisha uifunge kwenye kazi ambayo tayari unaifanya kila siku.

Tunasema moja kwa sababu mazoea huja polepole. Mwaka 2010 mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha matokeo ya watu 96 waliochagua kila mmoja jambo dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, wakalifanya kila siku baada ya jambo lilelile, kama vile baada ya chai ya asubuhi. Kwa wastani ilichukua siku 66 kabla ya jambo hilo kufanyika bila kujilazimisha. Kuna waliozoea kwa siku 18, na kuna waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Sasa hesabu kuanzia tarehe 1 Januari: siku 66 zinatimia tarehe 7 Machi. Katikati hapo kuna karo, kuna matanga, kuna kulima kabla ya mvua. Anayekata tamaa Februari kwa sababu bado anajilazimisha hajashindwa; muda wake haujafika.

Na kuhusu kuifunga tabia kwenye kazi ya kila siku, sisi wa mpakani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo, na tarehe 11 mwezi huo ikathibitishwa kwa mtoto wa miaka 5 katika Hospitali ya Bwera. Ndoo za maji yenye dawa zikawa milangoni: dukani, kanisani, shuleni, kwenye kituo cha mpakani cha Mpondwe. Watu wakaacha kupeana mikono, hata wazee ambao kwao kutoa mkono ni heshima. Mwaka uliofuata ikaja korona, tukanawa tena. Hofu ilipopita, ndoo nyingi zilikauka, na kunawa kukapungua. Elimu tulibaki nayo. Hakuna aliyesahau kwamba mikono michafu huleta kuhara na homa ya matumbo. Kilichoondoka ni maji mlangoni.

Tazama nyumba ambako kunawa kulidumu. Nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka chooni, kuna nguzo mbili zenye panda na mti uliolazwa juu yake. Hapo huning'inia kibuyu chirizi: jerikeni la lita 5 lililotobolewa kwa msumari wa moto. Kamba inashuka kutoka shingoni mwa jerikeni hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Mtoto anakikanyaga, jerikeni linainama, maji yanachirizika. Sabuni imetobolewa ikapitishwa uzi ili kuku wasiiburute na mvua isiisombe. Huyo mtoto hakuweka azimio lolote. Anatoka chooni, anakikuta kibuyu chirizi njiani, ananawa. Anayestahili sifa ni yule anayelijaza jerikeni kila asubuhi.

Kwenye chakula pia ni hivyo hivyo. Hii ni wilaya ya chumvi. Ziwa Katwe limewalisha watu wa pande zote mbili za mpaka kwa karne nyingi. Lakini Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo hazizidi kijiko kimoja cha chai, kwa sababu chumvi nyingi hupandisha presha. Tia chumvi kiasi mara moja, kwenye chungu cha maharagwe au sombe, na kopo lisifike mezani pamoja na bundu, ugali wetu wa muhogo. Likibaki jikoni, mtu atalifuata mara moja au mbili kisha ataacha.

Mazoezi yanataka busara zaidi. Septemba 2018 Shirika hilohilo lilipotoa hesabu za nchi 168, Uganda ndiyo iliyokuwa na watu wachache kuliko zote wasioushughulisha mwili vya kutosha: asilimia 5.5 tu, huku Kuwait ikiwa na asilimia 67. Jembe, kuni, maji ya kuteka na miinuko kama ya Mahango ndiyo sababu. Mama anayepanda miinuko hiyo na mzigo mgongoni asihubiriwe kukimbia. Azimio la afya katika nyumba yake ni baba na vijana kuchukua jerikeni, yeye apumzike. Wanaohitaji kutembea ni wale tunaoshinda tumekaa: madukani, ofisini, juu ya bodaboda. Dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki, zinatosha. Mtu akishuka boda mapema asubuhi na jioni, amezipata bila kununua chochote. Mbio za Rwenzori, zilizoanza Kasese mwaka 2022, tunazipenda na tunazisifu, ila siku moja ya kukimbia haimtoshi mtu kwa mwaka mzima.

Kuna jambo ambalo mtu mmoja hawezi peke yake. Wengi wanaoacha pombe na kutoirudia wana wenzao wa kushikana nao mkono. Wasabato wa milimani wanalijua hilo kwa miaka mingi. Kushikana mikono huko kunaweza kusaidia afya kwa njia nyingine pia: vikundi vya akiba vinakutana kila wiki, na wahudumu wa afya wa vijiji wapo. Kikundi kimwalike muuguzi mara moja kwa mwezi apime presha kabla ya pesa kuhesabiwa, kwa sababu presha haipigi hodi.

Baraza la mji la Mpondwe-Lhubiriha nalo lina kazi yake. Soko la Mpondwe hujaa Jumanne na Ijumaa, watu wa Uganda na Kongo wakishikana mikono, wakihesabu noti, wakila chapati wamesimama. Tunaomba matangi ya kunawia yawepo kwenye kila lango siku hizo mbili, Ebola iwepo au isiwepo, na sabuni pamoja na anayejaza maji walipwe kutokana na ushuru ambao wafanyabiashara hao hao wanautoa.