Picha ya shamba ni mali, tusiipambe

Mkulima wa Geita anatunza risiti ya mbolea, kadi ya kliniki ya mtoto na picha za harusi ukutani. Lakini shamba lake la ekari tatu, linalolisha nyumba nzima, halina hata picha moja. Siku mthamini anapofika kuhesabu, mkulima huyo anabaki na maneno matupu: hapa palikuwa na miembe, pale palikuwa na mihogo.

Kwa wakazi wa Kalangalala na vijiji vinavyouzunguka mji wa Geita, jambo hili si dogo. Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Tangu hapo mahitaji ya ardhi kwa ajili ya uchimbaji, barabara, nguzo za umeme na viwanja yamezidi kuongezeka. Shamba lililo salama leo linaweza kuwekewa alama za mradi kesho.

Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Hesabu yake inagusa bei ya soko, maendelezo yaliyofanywa juu ya ardhi, posho ya usumbufu, usafiri, makazi na faida inayopotea. Kila kipengele kinahitaji ushahidi wa hali ya ardhi ilivyokuwa kabla ya mradi. Asiyekuwa na ushahidi hujadiliana akiwa mnyonge.

Kuna ugonjwa mwingine unaomwumiza mkulima mwaminifu. Huko Nyamongo wilayani Tarime, watu walizoea neno "tegesha", yaani kupanda miti au kujenga kibanda haraka haraka ili kuvizia fidia. Kiuchumi madhara yake yako wazi. Mlipaji asipoweza kumtofautisha aliyelima miaka kumi na aliyetegesha jana, humshuku kila mtu, na mwaminifu hulipia udanganyifu wa mwenzake. Picha yenye tarehe, iliyopigwa miaka mitatu kabla ya mradi kutajwa, inawatenganisha wawili hao.

Picha ya namna hiyo haihitaji kamera ya gharama. Simu inatosha, ila ipigwe kwa utaratibu. Kwanza, chagua sehemu moja iliyoinuka, mfano juu ya jabali au kichuguu, na upigie hapo hapo kila mara. Pili, nyuma ya shamba kionekane kitu kisichohama: kilima, jabali au mnara. Picha ya mahindi pekee inaweza kuwa ya shamba lolote Tanzania, bali mahindi yenye kilima cha kwenu nyuma yake yana anwani. Tatu, simamisha mtu au fito ya mita mbili ili ukubwa wa miti na matuta ueleweke.

Saa nayo ina maana. Jua la mchana likiwa utosini hulainisha kila kitu, matuta na makorongo yasionekane. Asubuhi au jioni mwanga huja kwa ubavu, vivuli vikachora kila tuta. Usilielekeze jua, na usivute picha kwa kukuza kwenye simu, maana ubora hupotea, sogea karibu. Wakati wa kiangazi moshi na vumbi hufunika vilima, hivyo picha safi zaidi hupatikana baada ya mvua. Piga walau mara mbili kwa mwaka, mazao yakiwa shambani na baada ya kuvuna.

Tukija kwenye kusafisha picha, hapo ndipo wengi wanapoharibu. Programu za simu hufanya majani yawe kijani kupita kiasi na anga iwe bluu kama ya kalenda. Kwa picha ya harusi hakuna neno. Kwa picha ya shamba, huko ni kuchezea hesabu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini uzito wake hutegemea jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama haukubadilishwa. Kwa hiyo picha ya awali iachwe kama ilivyo. Ukitaka kuongeza mwanga kidogo, fanya hivyo kwenye nakala.

Tahadhari na WhatsApp: ukituma picha kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza kumbukumbu za tarehe na mahali. Itume kama faili, au ihifadhi kwenye flashi, kisha chapisha nakala moja ya karatasi uandike tarehe nyuma.

Wapo watakaosema picha haimpi mtu umiliki. Ni kweli. Haichukui nafasi ya hati ya hakimiliki ya kimila wala mipaka iliyopimwa. Lakini hati husema shamba ni la nani. Haisemi lilikuwa na michungwa mingapi.

Faida yenyewe haiishii kwenye fidia. Majirani zetu wa Shinyanga, kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, walirudisha ngitili kutoka takriban hekta 600 hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mabadiliko ya namna hiyo huja polepole, jicho huyazoea. Mkulima mwenye picha za miaka mitano kutoka sehemu moja ataona korongo linavyotanuka au nyasi zinavyorudi, na atajua kama makinga maji aliyochimba yamemlipa.

Wenye studio nao waione biashara hapa. Msimu wa harusi ukipita, mashine hukaa kimya. Kupiga shamba, kuchapisha na kumtunzia mteja nakala ni huduma inayouzika, na serikali za vijiji zinaweza kuwaalika siku ya mkutano mkuu ili gharama ya safari igawanywe kwa wengi.

Mvua zijazo zikishaosha anga, kila mwenye shamba apande kwenye jabali lake. Ushahidi hutengenezwa kabla ya mgogoro, kwani mthamini akishafika muda umekwisha.

Mwandishi ni mchumi wa kilimo.