MGONGO WA MFANYAKAZI SI CHUMA

Ndugu wafanyakazi,

Nimekuwa katika genge la njia ya reli kwa miaka kumi na miwili, na leo nataka kusema habari ya mgongo. Wengine watacheka, maana kwetu mtu akilalamika kiuno huambiwa ni mvivu, au amezeeka, au amelogwa. Mimi nasema maneno hayo yote matatu ni makosa.

Hapo kwanza nilikuwa mtu wa kujisifu. Tukiinua reli watu wanane, nilitaka nionekane mwenye nguvu kuliko wote. Siku moja niliinama kuokota mtaimbo tu, nikashindwa kusimama. Nililala wiki tatu, kwa kuwa kila jirani aliniambia nisijitikise. Nilipoamka maumivu yalikuwa pale pale, na miguu imekuwa dhaifu. Daktari akaniambia nitembee kidogo kila siku, niongeze polepole. Hapo ndipo nilipoanza kupona.

Jambo hili sasa linajulikana vema. Maumivu mengi ya kiuno hayatokani na mfupa uliovunjika wala ugonjwa wa kutisha, na mara nyingi hupungua katika wiki chache mtu akiendelea kujongea. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli. Vidonge hutuliza tu. Lakini ukiona ganzi katikati ya mapaja, au mkojo umekataa kutoka au hauzuiliki, au mguu umelegea, au una homa pamoja na maumivu hayo, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Neno langu kubwa ni hili: dawa gani itaponya mgongo, ikiwa kesho mwenyewe anarudishwa kwenye mzigo ule ule?

Tupige hesabu. Reli ya ratili 80 kwa yadi, yenye urefu wa futi 40, ina uzito wa kilo 480 na zaidi. Wakiinua watu wanane, kila mmoja ana kilo 60. Shirika la Kazi Duniani lilishauri mwaka 1967 kwamba mwanamume asichukue kwa mikono zaidi ya kilo 55. Tukiwa kumi, kila mtu ana kilo 48. Na mmoja akiteleza kwenye kokoto, mzigo wake huwaangukia wenzake. Basi tunalotaka ni watu wawili tu.

Wako watakaosema kuongeza watu ni gharama. Najibu: na mtu aliyelala nyumbani wiki tatu, je, si gharama? Tena hatuombi sadaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumchukuza mfanyakazi mzigo ambao uzito wake waweza kumwumiza. Sheria hiyo hiyo inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Ndugu, ulizeni: kamati yenu iko wapi? Ilikutana lini?

Tena mtu akiumia kazini, asinyamaze kwa kuona haya. Amwarifu mwajiri mara moja, na mwenzake awe shahidi. Anayenyamaza leo atapata taabu kudai fidia kesho.

Nasi wenyewe tujirekebishe. Tuache kuwacheka wanaosema mzigo ni mzito. Tuinue kwa sauti moja, magoti yamekunjwa, mzigo karibu na mwili. Vijana wanaoingia sasa tuwafundishe hivyo, wala si kuwapima nguvu.

Katika mkutano ujao wa tawi nitasimama kuomba kwamba reli isiinuliwe na watu chini ya kumi, au iletwe mashine. Nikisimama peke yangu nitaitwa mvivu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Njoni tusimame pamoja.

Ni mimi mwenzenu,
Mtu wa Genge