Umeme wa "Ziada" Una Wenyewe

Hoja inasema hivi: uchimbaji wa bitcoin hauyadhuru mazingira, kwa kuwa unakula umeme wa ziada wa mabwawa, basi Tanzania, yenye megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, iwakaribishe wachimbaji.

Ziada ya nani? Mashine za uchimbaji hununuliwa zifanye kazi usiku na mchana, masika na kiangazi, na kila saa zinapozimwa mwenye nazo anapata hasara. Maji ya Mto Rufiji, unaolijaza bwawa hilo, yakipungua, huyo mteja hatakuja kutuachia umeme kwa hisani. Huku wilayani Itilima, kuanzia hapa Lagangabilili hadi vijijini, vyungu bado vinachemshwa kwa kuni na mkaa. Mnachokiita ziada ni umeme ambao haujafika jikoni. Ufikisheni kwanza, kisha mje tuhesabu kilichobaki.

Mfano wa Luviro, kule Virunga nchini Kongo, ambako bitcoin ilichimbwa kwa umeme wa maji, hauisaidii hoja hiyo. Mtambo ule wa maji ulikuwa na wateja wachache, mbali na gridi. Sisi gridi tunayo.

Na hiyo "haudhuru" imepimwa na nani? Chuo Kikuu cha Cambridge hukadiria tu umeme unaoliwa na bitcoin, kwa kutazama kasi ya mahesabu ya mtandao na ufanisi wa mashine. Hakuna anayesoma mita zote. Makadirio yenyewe yanazidi kwa mbali umeme wote tunaozalisha. Taka za mashine zilizopitwa na wakati hazimo.

Tena ulaji huo si lazima: Ethereum, sarafu nyingine ya kidijitali, ilibadili mfumo wake wa kuthibitisha miamala Septemba 2022, matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Bitcoin imechagua kutobadili.