Hiyo "1 ms" ni ya nani?

Wadau, nimeuziwa maneno! Miezi mitatu nimejibana ninunue skrini ya magemu. Boksi limeandikwa "1 ms". Rangi nyeusi ni nyeusi kweli: paneli za VA hufika kontrasti ya 3000:1, wakati IPS nyingi ziko karibu 1000:1. Lakini kwenye giza, adui akikimbia anaacha mkia kama moshi. Kwa 144 Hz kila picha hukaa milisekunde 7 hivi. Pikseli za VA nyingi zikitoka kwenye weusi huchelewa zaidi ya hapo. Hiyo "1 ms" mara nyingi ni kasi ya mpito ulio mwepesi kuliko yote. Jamani, uzuri wa picha iliyotulia ni wa kalenda! Mcheza gemu achukue IPS, avumilie weusi wa kijivujivu. Na kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji awashe gemu lenye giza, ujionee. Au naonea watu?