Mzaha ukivuka mpaka huwa dhihaka

Katika nyumba zetu nyingi liko neno linalofanywa kinga ya kila ubaya wa ulimi: "Nilikuwa natania tu." Mtoto mnene huitwa kwa unene wake, mwenye kigugumizi huigizwa mbele ya wageni, na mke hukebehiwa upishi wake mbele ya mawifi. Akinuna, huambiwa hana uvumilivu.

Ndugu Waislamu, dini yetu haikuharamisha mzaha. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kuwa mtu mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) mnyama wa kupanda, akajibiwa kuwa atapewa mtoto wa ngamia. Yule bwana aliposhangaa atamfanyia nini mtoto, Mtume alimkumbusha kuwa kila ngamia amezaliwa na ngamia. Mzaha huo haukuwa na uongo ndani yake, wala haukufichua aibu ya mtu.

Dhihaka ni jambo jingine. Mwenyezi Mungu (S.W.), katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, amewakataza wanaume na wanawake kudharauliana, kwani huenda anayechekwa akawa bora kuliko anayecheka. Humo humo amekataza kuitana majina mabaya. Bibi Aisha (R.A.) alipougusia ufupi wa Bibi Safiyya (R.A.), Mtume alimwonya kuwa neno lile lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua. Ikiwa hilo ni neno moja, tusemeje juu ya jina la kejeli aitwalo mtoto kutwa kucha, mpaka akalizoea kuliko jina alilopewa siku ya akika?

Wazee wetu nao waliujua mpaka huu. Babu humtania mjukuu, na mjukuu humrudishia. Mtani hutania hata msibani, lakini ndiye huyo huyo anayeshika jembe na kubeba maji. Utani ni wa pande mbili, na nyuma yake pana wema. Mtoto hathubutu kumrudishia baba yake. Basi kinachomtoka baba hakistahiki kuitwa utani.

Tunawausia wazazi waanze wao, kwani mtoto anayedhihakiwa nyumbani hujifunza kuwadhihaki wenzake madrasa na shuleni. Kipimo ni chepesi: tumtazame usoni anayetaniwa. Asipocheka pamoja nasi, tunyamaze, kisha tumtake radhi leo, kabla ya Siku ambayo deni hili litalipwa kwa mema yetu.

Wabillahi tawfiq.