Sauti ya Tano



Mtu akitaja muziki wa Kanisa la Italia, mawazo yetu hukimbilia ogani kubwa, wimbo wa Kigregoriani na kwaya za Roma zinazosoma noti bila kukosea. Hayo yapo, tena ni mazuri. Lakini Italia ya wakulima, wavuvi na wachungaji ina muziki mwingine kabisa, ambao hatukufundishwa seminarini wala haumo katika vitabu tulivyoletewa. Niliukuta safarini, nilipokuwa masomoni Roma na kupata nafasi ya kwenda kisiwani Sardinia katika Juma Kuu. Tangu hapo nimekuwa na neno la kuwaambieni juu ya uimbaji wetu, hasa ule wa misibani.

Castelsardo ni mji mdogo uliojengwa juu ya mwamba, kaskazini mwa kisiwa hicho, bahari ikiwa chini yake. Jumatatu ya Juma Kuu, ambayo wenyeji huiita Lunissanti, Chama cha Msalaba Mtakatifu huanza maandamano mapema asubuhi, huenda hadi kanisa la kale la Bikira Maria huko Tergu, na jioni hurudi kupita katika vichochoro vya mji wa zamani. Taa za umeme huzimwa, mwanga ukabaki wa moto tu. Ndugu wa chama, wamevaa kanzu nyeupe, hubeba alama za Mateso ya Bwana, na pamoja nao hutembea makundi matatu ya waimbaji wanne wanne. Kundi moja huimba Miserere, ile Zaburi ya toba. La pili Stabat Mater. La tatu wimbo uitwao Jesu. Hakuna chombo cha muziki hata kimoja.

Wanne hao husimama karibu sana, kama watu wanaonong'onezana siri. Sauti ya chini kabisa huitwa bassu, inafuata contra, kisha bogi, na ya juu falzittu. Aliyezoea kwaya za siku hizi ataona kwanza kwamba ni sauti nzito, kavu, zisizobembeleza. Lakini zinapokaa sawasawa husikika sauti ya tano, nyembamba kama ya mwanamke, isiyotoka kinywani mwa yeyote kati yao. Wao huiita quintina. Wataalamu hueleza kwamba kila sauti ya binadamu hubeba ndani yake sauti nyingine ndogo za juu, na sauti nne zikilingana barabara, zile ndogo huungana hata sikio likazipokea kama sauti moja. Wapo wenyeji wanaosema kwamba anayeimba ni Bikira Maria. Mimi si mtu wa kuona miujiza kila pembe, na maelezo ya wataalamu yananitosha. Kinachonigusa ni sharti la sauti hiyo: mmoja wao akitaka asikike kuliko wenzake, haiji. Tena waimbaji wenyewe hushikilia kwamba haiji pia kwa watu walionuniana.

Jambo la pili ni nani mwenye wimbo. Waimbaji hawa ni walei, watu wenye kazi zao za kila siku. Mkuu wa chama, aitwaye priori, ndiye huwateua mwaka hata mwaka, kwa hiyo nafasi si mali ya mtu. Kijana hujifunza kwa kusimama karibu na wazee na kuwasikiliza kwa muda mrefu. Vyama vya namna hii vina historia ndefu katika Italia yote, na mojawapo ya kazi zake za kale ni kuwasindikiza wafu kaburini kwa sala na nyimbo. Wimbo wao ni wajibu wenye siku yake na mahali pake, kama vile kuchimba kaburi kulivyo wajibu wa majirani.

Msidhani mapadre na maaskofu waliupenda muziki wa watu siku zote. Tarehe 22 Novemba 1903 Papa Mtakatifu Pio wa Kumi alitoa barua juu ya muziki mtakatifu, akakataza piano kanisani pamoja na ngoma na vyombo vingine vya kelele. Alikuwa na sababu, maana muziki wa majumba ya maonyesho ulikuwa umeingia hadi altareni. Hata hivyo tukumbuke kwamba katazo hilo liliwahusu kwanza Waitaliano wenyewe. Wanaoniambia kwamba ngoma ni jambo la Kiafrika ambalo Wazungu wametuvumilia, ningewapeleka Salento, kusini kabisa mwa Italia. Huko mwanamke aliyeaminiwa kuumwa na buibui alipigiwa tari, fidla na kodiani kwa saa nyingi, pengine siku kadhaa, naye akacheza mpaka apone. Na tarehe 29 Juni alikwenda kushukuru au kuomba katika kikanisa cha Mtume Paulo mjini Galatina. Msomaji wa Pwani atakumbuka ngoma za pepo. Mtaalamu Ernesto de Martino aliyachunguza mambo hayo mwaka 1959, desturi yenyewe ikiwa inafifia. Tangu 1998 kuna tamasha kubwa kila mwaka, ambalo kilele chake huwa Melpignano mwezi wa Agosti, nalo limeokoa mdundo ule. Ni jema. Ila mgonjwa hayupo tena katikati, na waliokuwa majirani zake sasa ni watazamaji.

Naye Mtakatifu Alfonso wa Liguori, Mwalimu wa Kanisa, hakuona haya kuwatungia watu wa Napoli wimbo wa Noeli kwa lahaja yao ya mtaani. Wimbo wake mwingine wa Noeli, Tu scendi dalle stelle, wa mwaka 1754, mpaka leo hupigwa kwa zumari la mfuko wa ngozi, chombo cha wachungaji wa milimani.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema wazi kwamba nyimbo za dini za watu zikuzwe, na muziki wa asili wa nchi za misioni upewe heshima yake. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga wa Tanzania alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ruhusa basi tunayo tangu zamani. Tunachokosa ni watu wa kuusimamia wimbo.

Naja misibani. Tunao akina mama wanaoweza kuimba usiku kucha bila kitabu, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, kuanzia rozari ya jioni hadi majogoo. Siku hizi familia hukodi spika, nyimbo za kwaya zilizorekodiwa zikapigwa kwa sauti ya juu mpaka mfiwa hasikii anapopewa pole, na mama wale hukaa kimya kwenye mkeka. Kwaya zilizorekodi sina ugomvi nazo. Lakini mashine haimjui marehemu, haipunguzi mwendo inapomwona mjane akilia, wala haikutembea kwa miguu kuja kufariji. Ndiyo sababu nimewaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo spika zizimwe kuanzia saa ya rozari.

Nimejibiwa kwamba mama wanaojua beti zote hawazidi sita, tena ni wazee, na vijana hawazijui nyimbo hizo. Hoja hiyo naiona inanisaidia mimi kuliko wanaoitoa. Nimewaomba akina mama hao, nao wamekubali: Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, watakaa chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi ya parokia. Vijana wa kwaya waje bila daftari na bila kinanda. Simu zao wanaweza kuja nazo, ila wasirekodi kabla hawajaimba.