Majogoo wa Idd



Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, dada mmoja alinishika mkono akaniambia amepata kuku sita wa kuanzia ufugaji, akaniuliza lipi la kwanza kulifanya. Nikamjibu kwa haraka, kwani nilikuwa naikimbilia gari: banda lenye hewa na maji safi. Njia nzima ya kurudi Msambweni nilijiona nimempa jibu nusu. Nusu iliyobaki ninaiandika leo, ili aisome yeye na aisome kila mwenye tundu la kuku uani kwake.

Wengi wenu mwaijua siku ya mfugaji. Jogoo huwika kabla ya Alfajiri, nasi tumefundishwa kwamba tumsikiapo tumwombe Mola fadhila zake. Baada ya swala huenda bandani. Banda letu ni la udongo na makuti, lina fito za kulalia zilizoinuliwa juu ya ardhi, na mlango mdogo wa ubao. Kazi ya kwanza si kulisha, bali kutazama. Kuku mzima hutoka kwa pupa. Mgonjwa hutoka mwisho, au hatoki kabisa. Kisha nainama kutazama kinyesi chini ya fito, maana humo mna habari ya usiku mzima.

Baada ya hapo ndipo huwamwagia pumba zilizochanganywa na machicha ya nazi, na vumbi la dagaa likiwapo. Vifaranga huwafunika kwa tenga pamoja na mama yao, kwa sababu kunguru wa kwetu, hawa wenye shingo ya kijivu, humnyakua kifaranga mbele ya macho yako, na kenge na nguchiro wanangoja zamu yao kichakani. Katika chombo chao cha maji hutia jiwe, kifaranga asije akazama. Adhuhuri kuku wote huwa chini ya mwembe. Alasiri huokota mayai. Magharibi huingia bandani wenyewe bila kuitwa, na binti yangu huwahesabu kabla ya kufunga mlango.

Koo anapotaka kuatamia, mavyaa wangu humchagulia mayai kumi hadi kumi na mawili, akatia kila moja alama kwa mkaa. Alama hiyo ina kazi yake: kuku wengine hupenda kuja kutaga kiotani humo humo, na yai lisilo alama huondolewa siku ile ile. Bila hivyo yatakuwa na umri tofauti, na koo ataondoka na vifaranga wa siku ya 21 akayaacha mengine yaoze.

Haya yote ni kazi ndogo ndogo, na fedha zake ni ndogo ndogo pia. Lakini katika nyumba nyingi za kwetu kuku ni mali ya mwanamke. Yai ndilo sabuni, ndilo daftari, ndilo nauli ya kumpeleka mtoto zahanati bila kumngoja mtu arudi kutoka kazini. Kwa hiyo kuku wakiingiwa na maradhi, kinachotikisika si banda peke yake.

Mwaka juzi, Ramadhani ilipoingia, nilikuwa na kuku 34. Katika hao, majogoo 12 nilikuwa nimewalea kwa nia moja, nao ni kuuzwa siku mbili kabla ya Idd. Mchuuzi apelekaye kuku Ukunda aliwaona, akakubali shilingi 1,000 kwa kila mmoja, akaniachia arubuni ya shilingi 4,000. Fedha zile zilikwisha kupata kazi kabla sijazipokea: karo ya binti yangu, muhula wa pili.

Kosa lilianza kwangu mwenyewe. Katika kumi la kati nilimnunua tembe mmoja sokoni, kishingo, kwa bei iliyonipendeza. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba niliifunga, lakini niliifunga ndani ya banda, kati ya kuku wangu wote, kwa kuwa jua lilikuwa limetua na nilikuwa na futari jikoni.

Siku ya sita nilimkuta amesimama pembeni, macho yamefumba, mbawa zimelegea, kinyesi chake maji ya kijani. Nikasema ni joto. Kesho yake alikuwa amekufa, na wengine wawili walikuwa wakihema kwa mdomo wazi. Jioni mmoja alianza kupinda shingo hadi kichwa kikatazama mgongoni. Mavyaa wangu alimtazama mara moja tu. "Huu ni mdondo," akasema. Wengine huuita kideri.

Majogoo wangu 12 walikuwa wazima bado. Vilemba vyao vyekundu, wanakula, wanapigana. Wifi yangu alikuwapo siku ile, naye ni mtu mwema anipendaye mimi na watoto wangu. Akaniambia, "Wifi, mpigie simu mchuuzi aje leo hii. Bado wamesimama. Wakifia huko mbele, atasema ni taabu ya safari."

Sitajipamba mbele yenu. Niliichukua simu kwa nia hiyo hiyo. Nilikuwa nimekwisha kulitafuta jina lake, na nimekwisha kupanga maneno: kwamba nina haraka, kwamba nahitaji fedha za nguo za watoto. Mavyaa wangu alikuwa mkekani akichagua mchele wa futari. Hakuinua kichwa. Akauliza tu, "Na huko waendako, hakuna mwanamke mwenye karo ya mtoto?"

Nikaiweka simu chini. Sote tumesoma habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikatoka na umajimaji, naye akamkemea mwenye mali kwa kuificha sehemu iliyolowa chini ya ile kavu. Kila nilipoisikia habari hiyo nilimfikiria yule mfanyabiashara kuwa ni mtu mbaya, mwenye tumbo kubwa. Siku ile nilimwona kuwa huenda alikuwa na karo ya kulipa.

Nilimpigia mchuuzi nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo. "Dada," akasema, "ungenyamaza, ningewatia katika tenga moja na kuku wa watu wanne." Kisha akasema atakalo ni arubuni yake, na kwamba hatatia mguu kijijini kwetu hadi Idd ipite. Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Nyumba tatu za jirani zilikuwa zimemwahidi kuku wao, nazo zilikuwa zikizingojea fedha zile kama mimi.

Baada ya tarawehe nilizunguka nyumba hizo moja moja. Nikawaambia wafungie kuku wao, wasiazime tenga letu, na watoto wetu wasiingie katika mabanda yao na viatu vyetu. Wawili walinishukuru. Wa tatu, tunayechota naye maji kisima kimoja, aliniambia, "Ukweli wako umekula Idd yangu." Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Kwa muda wa siku nyingi aliitika salamu yangu kwa sauti ya kooni, akaondoka na ndoo yake.

Hadi asubuhi ya Idd kuku 27 walikuwa wamekufa. Kati ya majogoo 12, walibaki wawili. Mume wangu alichimba shimo refu nyuma ya shamba, tukawachoma na kuwafukia, wala hatukuacha unyoya nje. Kuna watu walioshauri tuwachinje wale waliozidiwa kabla hawajakata roho. Hukumu ya hilo nawaachia masheikh. Nijualo ni kwamba aliyekufa mwenyewe ni nyamafu, na kwamba matumbo na manyoya yanayotupwa jalalani hubebwa na mbwa na kunguru hadi kwa jirani, na maradhi yakaenda nayo. Kuku wa yule jirani wa kisimani nao waliugua juma lililofuata. Hakunitukana wala hakunisamehe; tulikaa hivyo.

Arubuni niliirudisha kutoka akiba yangu ya chama. Mume wangu aliuza nazi kabla ya wakati wake kwa bei ya chini, na shule ikakubali nusu ya karo kwa kuanzia. Binti yangu aliripoti siku tisa baada ya wenzake. Usiku wa kuamkia safari yake aliniuliza, "Mama, kama ungewauza wale majogoo siku ile, ningefungua shule na wenzangu?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Akakunja sare yake, akaitia sandukuni, kisha akasema, "Basi safari ijayo tuwatie dawa mapema."

Na hapa ndipo penye faida, ndugu zangu, kwa sababu maradhi haya hayana tiba, ila yana kinga. Yalitambuliwa mwaka 1926 katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza, ambao jina lake ndilo wanalotumia waganga wa mifugo. Hapa Kenya yalionekana mwaka 1935 karibu na Mombasa. Ni wageni wa zamani pwani hii, na bado hutukuta hatuna habari.

Chanjo yake ni tone moja katika jicho la kuku. Hupewa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimponyi. Nayo haifanyi kazi siku ile ile: mpe kuku wiki mbili za kujijengea kinga. Kwa hiyo anayengoja hadi kuku wa kwanza alegee amechelewa.

Kilichotuzuia miaka yote ile si bei. Kichupa kimoja huwatosha kuku 100 na zaidi, na dawa ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Mwenye kuku 20 huona anatupa fedha, akaacha. Tulichofanya ni kuungana nyumba tisa. Mmoja wetu huenda kuchukua dawa kwa afisa wa mifugo na kuileta katika chupa ya chai yenye barafu, kwa kuwa joto huiua. Tunaanza kabla jua halijachomoza, kuku wakiwa bado ndani na hawajatawanyika. Mmoja hushika, mmoja hudondosha, mtoto huhesabu. Tone likiingia jichoni, usimwachilie kuku mpaka apepese. Kisha sote tunaosha mikono kwa sabuni.

Hurudia kila baada ya miezi mitatu, na ili tusisahau tumeifunga katika miezi yetu: Rajabu, Mfungo Mosi, Mfungo Nne na Mfungo Saba. Ya Rajabu ndiyo tunayoishikilia zaidi, kwa sababu humkuta kuku wa Idd akiwa na kinga yake kamili.

Rajabu ya kwanza ya mpango huu sikumwita jirani yangu wa kisimani. Niliona haya. Alfajiri ile nilisikia hodi, nikafungua mlango nikamwona amesimama na tenga lenye kuku watano chini ya buibui lake. Akasema, "Nimesikia mnahesabu kwa nyumba. Nami ni nyumba." Tangu hapo yeye ndiye anayeshika na mimi ndiye ninayedondosha. Ile Idd hatujaizungumzia.

Leo nina kuku 22. Sijafika pale nilipokuwa, na huenda nisifike mwaka huu, kwa kuwa kunguru nao wana haki zao wanazojichukulia. Binti yangu yuko kidato cha nne, na kila anaporudi likizo husimama kwanza mlangoni mwa banda akahesabu kabla hajavua viatu.

Kwa hivyo, dada yangu wa kuku sita, jibu langu kamili ni hili. Kabla hujawaleta kwako, tayarisha mahali pa pili, mbali na banda la jirani na mbali na kuku wowote ulio nao. Wakae huko wiki mbili, ikiwezekana tatu, wale kwa chombo chao na wanywe kwa chombo chao, nawe uwahudumie mwisho, baada ya wengine. Wakiwa wazima, watie dawa, kisha uwachanganye. Na siku utakapomwona mmoja amefumba macho pembeni, usimngoje afe ndipo useme. Funga banda, kisha nenda kawaambie majirani, hata kama ni siku mbili kabla ya Idd, na hata kama kuna mtu aliyekuachia arubuni. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha kuku mara nyingi hulia katika nyumba isiyo na hatia.

Tuombeane dua. Wabillahi tawfiq.